Puto Lisipokubaliana na Hesabu: Kutatua Hitilafu za Jaribio la Kimenyukaji Kikomo

Walimu wengi wa kemia hapa Uganda, wanapofika kwenye somo la kimenyukaji kikomo, yaani kile kitu kinachokwisha kwanza katika mmenyuko na kwa hiyo kuamua zao litakuwa kiasi gani, hulikimbilia jaribio la siki na soda ya kupikia. Wana haki ya kufanya hivyo. Vifaa vyote vinapatikana dukani, hakuna moto unaohitajika, na mwanafunzi aliyeketi nyuma kabisa huliona puto likivimba. Nimelifundisha jaribio hili kwa miaka kadhaa katika shule za sekondari, na mara nyingi halikutoa matokeo niliyoyatarajia siku ya kwanza. Kwa kuwa hitilafu zake hujirudia, na kila moja ina dalili yake, nimeona ni vyema kuziandika jinsi zinavyojitokeza mezani, pamoja na sababu zake na namna ya kuzithibitisha.

Jambo moja nalisisitiza tangu mwanzo, kwa kuwa sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inalitegemea. Puto linatueleza ni gesi kiasi gani imetoka. Ukitaka kujua ni kitu gani kimekwisha, uliza maji yaliyobaki chupani. Darasa linaloyamwaga maji hayo kwenye sinki mara tu puto linapopimwa limeutupa ushahidi uliokuwa muhimu kuliko wote.

Jaribio lenyewe linapokwenda sawa

Chukua chupa tano za maji za nusu lita, zilizo tupu na kavu. Katika kila moja tia mililita 50 za siki yenye asidi ya asetiki asilimia 5. Katika maputo matano tia soda ya kupikia, yaani bikaboneti ya sodiamu, gramu 1, 2, 3, 4 na 5. Vika kila puto mdomoni mwa chupa yake, kisha uliinue ili unga wote udondokee ndani ya siki. Moli ni kipimo cha kuhesabu chembe ndogo mno kwa idadi. Moli moja ya soda humenyuka na moli moja ya asidi, na kutoa moli moja ya kaboni dioksidi pamoja na maji na asetati ya sodiamu.

Mililita 50 za siki hiyo zina gramu 2.5 za asidi. Uzito wa moli moja ya asidi ya asetiki ni gramu 60, kwa hiyo tunayo takribani moli 0.042. Moli moja ya soda ina gramu 84, kwa hiyo asidi hiyo inatosha gramu 3.5 za soda tu. Chupa tatu za kwanza zitaishiwa na soda, ilhali mbili za mwisho zitaishiwa na asidi, na maputo ya hizo mbili yanapaswa kulingana. Kamwe chupa isifungwe kwa kifuniko chake badala ya puto, maana gesi isiyo na pa kwenda inaweza kuipasua.

Dalili: maputo yote yamevimba sawasawa

Hii ndiyo hitilafu niliyokutana nayo mara nyingi kuliko zote. Mwanafunzi anatazama mstari wa maputo, haoni tofauti yoyote, kisha anahitimisha kwamba kiasi cha soda hakina athari. Asilaumiwe, kwa sababu alichokiona ni kweli. Chupa zake zote zimeishiwa na asidi.

Chanzo karibu kila mara ni kijiko. Mwalimu asiye na mizani ya kutosha huwaambia wanafunzi watie kijiko kimoja, viwili, vitatu. Lakini kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba takribani gramu 4 hadi 5 za soda, na kikijazwa kwa kilima hubeba zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba kijiko cha kwanza kabisa kimekwisha kuvuka zile gramu 3.5, na vijiko vinavyofuata vinaongeza kitu ambacho tayari kilikuwa kimezidi.

Ili kuthibitisha, rudi kwenye chupa ya kijiko kimoja, ondoa puto, na udondoshee siki kidogo. Povu likitokea, soda ilikuwa imebaki na asidi ndiyo iliyokwisha. Marekebisho ni mawili, na unaweza kuchagua lolote. La kwanza ni kutumia robo ya kijiko kama kipimo badala ya kijiko kizima. La pili, ambalo mimi nalipenda zaidi pale shule inapokuwa na mizani moja tu, ni mwalimu kupima soda yote jioni iliyotangulia na kuifunga katika vipande vya karatasi vilivyoandikwa gramu zake. Hilo huokoa nusu saa ya kipindi na hupunguza msongamano kwenye mizani.

Dalili: maputo yanaendelea kukua hadi la tano, bila kufika ukomo

Hapa mambo yamegeuka: asidi ndiyo iliyozidi katika chupa zote. Huenda siki ilipimwa kwa kikombe badala ya silinda ya vipimo, huenda ni siki kali kuliko ile ya asilimia 5, au huenda soda ni pungufu kuliko inavyodhaniwa. Soma kibandiko cha chupa ya siki kabla ya kitu kingine chochote. Siki ya asilimia 10 inahitaji gramu 7 za soda kwa mililita 50, kwa hiyo gramu 5 haziwezi kuuonyesha ukomo. Ichanganye na maji kwa kiasi sawa, kisha urudie.

Kinyume chake hutokea pia. Siki ya asilimia 4 huishiwa ikiwa imekutana na gramu 2.8 tu za soda, na hapo puto la tatu, la nne na la tano yatakuwa sawa, jambo linalowachanganya wanafunzi waliokwisha kupiga hesabu kwamba la tatu litakuwa dogo. Kibandiko kisipokuwapo, kama ilivyo kwa siki inayouzwa kwa kumiminwa, pima nguvu yake mwenyewe: weka mililita 50 katika bilauri, ongeza soda iliyopimwa kidogo kidogo huku ukikoroga, na usimame pale ambapo unga mpya hautoi povu tena. Gramu ulizotumia ndizo ukomo wako, na ndizo zitakazokuongoza kupanga chupa tano upya.

Dalili: soda ikiongezwa maradufu, puto haliongezeki maradufu

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniita mezani kwake akiwa na futi ya fundi cherehani mkononi. Alikuwa amepima mzingo wa puto la gramu 1 akapata sentimita 26, na la gramu 2 akapata 33. «Mwalimu, asidi bado ipo, nimeionja harufu yake,» alisema, «kwa nini puto la pili halikufika 52?»

Swali lake lilikuwa zuri kuliko maelezo niliyokuwa nimeyatoa ubaoni, kwa sababu nilikuwa nimewaambia wapime mzingo bila kuwaeleza mzingo unahusiana vipi na ujazo. Ujazo wa tufe hufuata nusu kipenyo kilichopandishwa kipeo cha tatu. Gesi ikiwa maradufu, mzingo huongezeka kwa takribani asilimia 26 tu. Puto la sentimita 26 likipewa gesi maradufu litafika karibu sentimita 33, na hicho ndicho alichokipata. Kipimo chake kilikuwa sahihi kabisa.

Lakini jambo hili lina uzito mkubwa zaidi kuliko swali lile moja. Tukizichukua chupa zetu tano kwa hesabu ya Kampala, ambayo nitaieleza hapo chini, mizingo inayotarajiwa ni takribani sentimita 27, 34, 39, 41 na 41. Tazama pengo lililopo kati ya puto la tatu na la nne: sentimita 2. Puto si tufe kamili, lina shingo, lina upande mwembamba na upande mnene, na mikono ya watu wawili haiikazi futi kwa nguvu moja. Kosa la sentimita 2 ni la kawaida, na likitokea hapo, mpaka wote kati ya soda iliyokwisha na asidi iliyokwisha hupotea. Kwa sababu hiyo sipendi kuwaacha wanafunzi wategemee jicho peke yake. Ama wageuze mzingo kuwa ujazo kabla ya kulinganisha, ama wakusanye gesi kwa kusukuma maji: mpira mwembamba kutoka kwenye chupa huingizwa chini ya chupa kubwa iliyojaa maji na kupinduliwa ndani ya beseni. Kaboni dioksidi kidogo huyeyuka katika maji ya beseni, lakini hasara hiyo haifichi mpaka kama futi inavyoweza kuuficha.

Dalili: gesi ni nyingi kuliko hesabu ya kitabu

Vitabu vingi vya shule hutumia lita 24 kuwa ujazo wa moli moja ya gesi katika halijoto ya chumba. Mwanafunzi mwangalifu aliyekusanya gesi ya gramu 3 za soda atatarajia mililita 860 hivi, kisha atapata karibu lita nzima. Nimeona walimu wakikata sehemu inayozidi na kuandika kwamba ni kosa la kipimo, na hilo linanisikitisha, kwa sababu mtoto amepima nchi yake kwa usahihi na akaambiwa amekosea.

Lita 24 ni za usawa wa bahari. Sisi hatuishi usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko mita 1,134 juu ya bahari, na sehemu kubwa ya Kampala iko karibu mita 1,200, ambako kanieneo ya hewa ni takribani kilopaskali 88 badala ya 101. Hewa inayokandamiza kidogo huiacha gesi itanuke zaidi, na kwa nyuzi 25 za Selsiasi moli moja huchukua takribani lita 28. Kabale, karibu na mita 2,000, huzidi hapo. Ikiwa ziada yako ni kati ya asilimia 15 na 20, na uko katika nyanda za kati za Uganda, usitafute kosa kwenye chupa. Badili namba katika hesabu.

Ni vyema kuongeza kwamba mwinuko haubadilishi kimenyukaji kikomo. Gramu 3.5 za soda zinatosheleza mililita 50 za siki ya asilimia 5 kule Kabale sawasawa na Mombasa.

Dalili: puto linalegea, au linavimba kidogo mno

Sababu hapa ni nyingi na nyepesi, kwa hiyo nitazipitia haraka. Puto jipya ni gumu, na gesi ya gramu 1 huenda isilitanue vizuri. Lipulize kwa mdomo mara mbili tatu na kulitoa pumzi kabla ya kulitumia. Mdomo wa puto uliopasuka kidogo huvuja bila sauti, nao hugunduliwa kwa kupaka maji ya sabuni. Mmenyuko huu hufyonza joto, kiasi kwamba mkono ukishika chupa huhisi ubaridi, na gesi baridi hujikunyata, kwa hiyo subiri dakika chache chupa irudie halijoto ya chumba. Tikisa chupa taratibu, kwa kuwa gesi nyingine hubaki imeyeyuka katika maji kama ilivyo katika soda ya chupa kabla haijafunguliwa. Lakini usipime kesho yake: kaboni dioksidi hupenya ngozi ya puto kwa kasi kuliko hewa ya kawaida, na puto lililoachwa usiku kucha halitakueleza lolote la maana.

Sababu moja inastahili kuangaliwa kwa karibu, nayo ni unyevu wa shingo ya puto. Ukiwaacha wanafunzi wasafishe maputo kwa maji na kuyajaza soda kabla hayajakauka, unga hushikamana pale shingoni na kuwa kama uji mzito. Puto likiinuliwa, nusu ya unga hudondoka, nusu hubaki juu umeganda kwenye mpira kwa duara jeupe. Lifungue puto baada ya jaribio, lipindue nje ndani, na ulitazame. Niliwahi kukwangua unga uliobaki katika puto la gramu 3, nikaupima baada ya kuukausha, nikapata zaidi ya gramu moja. Kikundi kile kilikuwa kimeandika kwamba gramu 3 na gramu 2 hutoa gesi sawa, na kwa chupa yao walikuwa wakisema kweli. Dawa ni puto kavu na faneli iliyokunjwa kwa karatasi, yenye ncha ndefu inayofika hadi tumbo la puto.

Dalili: puto la tano ni dogo kuliko la nne

Dalili hii huwashangaza hata walimu wenye uzoefu, maana ukomo unaeleweka lakini kushuka hakueleweki. Unapoiona, ushuku unga kabla ya kumshuku mpimaji.

Katika Kiswahili neno magadi limebeba vitu viwili tofauti. Kuna watu wanaoita soda ya kupikia magadi, na kuna magadi yenyewe, yale mawe meupe au ya kijivu yanayotumika kulainisha maharage na mboga, ambayo kwa sehemu kubwa ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, kama yale yanayochimbwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya. Chumvi ya mawe ya Ziwa Katwe, wilayani Kasese, nayo ina kaboneti ndani yake. Mwanafunzi aliyetumwa sokoni kununua magadi anaweza kurudi na kitu kingine kabisa, akiwa ametii alichoambiwa.

Kaboneti ina tabia ya pekee. Asidi ya kwanza kuifikia haitoi gesi: hutumika kuigeuza kaboneti kuwa bikaboneti. Ni asidi inayosalia baada ya hapo tu inayotoa kaboni dioksidi. Kwa hiyo ukiongeza magadi kupita ukomo, unaongeza pia kaboneti inayoimeza asidi kimyakimya, na gesi inapungua. Kwa magadi safi na mililita 50 za siki yetu, mizingo ingetarajiwa kuwa karibu sentimita 25, 31, 35, 34 na 32. Mstari unapanda, unafika kilele karibu na gramu 3, kisha unashuka. Ukiona umbo hilo katika daftari la mwanafunzi, umeonyeshwa ni unga gani uliomo katika puto.

Kipimo cha kuthibitisha ni rahisi na chapendeza kutazama. Yeyusha nusu kijiko cha unga katika maji kidogo na udondoshe siki tone kwa tone huku ukikoroga. Soda ya kupikia hutoa viputo tangu tone la kwanza. Magadi hunyamaza kwa matone kadhaa, kisha huanza kuchemka kwa povu. Soda ya zamani iliyohifadhiwa karibu na jiko huweza kuonyesha ukimya huo kidogo, kwa kuwa joto huigeuza polepole kuwa kaboneti, na kwa sababu hiyo hiyo usiikaushe soda yenye unyevu kwa kuiweka juu ya sufuria ya moto.

Dalili: unga unatoa povu hata ukitiwa maji matupu

Huo ni unga wa kuumulia keki, yaani bekin pauda, si soda. Ndani yake kuna soda, asidi kavu na wanga, na asidi hiyo huamka inapokutana na maji. Kwa kuwa unga huo umekuja na asidi yake mwenyewe, hesabu ya nani alikwisha kwanza haina maana tena. Rudi dukani.

Dalili: chupa ya tano haina unga wowote chini, kwa hiyo wanafunzi wanasema soda imekwisha

Nalitaja kosa hili kwa herufi nzito kila ninapofundisha, kwa sababu linaugeuza ukweli juu chini. Katika chupa ya tano soda imezidi kwa gramu 1.5. Wanafunzi wanatazama chini, hawaoni kitu, maji ni maangavu, na wanaandika kwamba kila kitu kimetumika. Wamesahau kwamba soda huyeyuka katika maji. Kwa nyuzi 20 za Selsiasi, mililita 100 za maji huyeyusha zaidi ya gramu 9 za bikaboneti, kwa hiyo ile gramu na nusu hutoweka machoni bila kumenyuka. Kuyeyuka na kumenyuka ni mambo mawili, na macho hayawezi kuyatenganisha.

Hapa ndipo maji yaliyobaki yanapoulizwa. Gawa maji ya kila chupa katika bilauri mbili. Katika ya kwanza tia siki kidogo, katika ya pili tia soda kidogo. Povu likitokea kwa siki, soda ilikuwa imebaki, na kimenyukaji kikomo kilikuwa asidi. Povu likitokea kwa soda, asidi ilikuwa imebaki, na kikomo kilikuwa soda. Karatasi ya litimasi, ile inayobadili rangi ikikutana na asidi, husaidia, lakini kwa tahadhari: katika chupa ya gramu 3 asidi iliyobaki ni kidogo na imezungukwa na asetati nyingi, hivyo litimasi huonyesha rangi ya katikati isiyoamua lolote. Bilauri mbili huamua vizuri zaidi, hata kama povu la chupa ya tatu ni dogo na linahitaji sikio karibu na ukingo.

Dalili: chupa ziko sawa, lakini hesabu ya daftarini inasema kinyume

Makosa ya hesabu niliyoyaona yanarudi kwenye mawili. La kwanza ni kuchukua uzito wote wa siki kana kwamba ni asidi. Mwanafunzi anagawa gramu 50 kwa 60, anapata moli 0.83, na kuhitimisha kwamba asidi haiwezi kwisha kamwe. Mkumbushe kwamba katika gramu 50 za siki, gramu 47.5 ni maji.

La pili ni kuamini kwamba kitu chenye gramu chache ndicho kinachokwisha kwanza. Katika chupa ya nne kuna gramu 4 za soda na gramu 2.5 za asidi, na kwa bahati mbaya jibu linaangukia asidi, kwa hiyo njia mbovu inaonekana kufaulu. Lakini katika chupa ya tatu, gramu 3 za soda zinazidi gramu 2.5 za asidi, na hata hivyo soda ndiyo inayokwisha. Chupa ya tatu ni mwalimu mzuri. Waambie waitetee njia yao mbele yake.

Wakishindwa kuachana na gramu, mimi huwapeleka kwa muuza rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai ya kukaanga, pale kwenye lango la shule. Rolex moja inahitaji chapati moja na mayai mawili. Muuzaji ana chapati 10 na mayai 12: atauza ngapi? Wote hujibu sita, na wote husema mayai ndiyo yaliyokwisha, ingawa mayai yalikuwa mengi kuliko chapati. Hakuna aliyeuliza chapati ina uzito gani. Wanahesabu kwa idadi na kwa uwiano wa mapishi, na moli ni namna hiyo hiyo ya kuhesabu kwa idadi, isipokuwa vitu vinavyohesabiwa ni vidogo mno kushikika. Tofauti moja waione: katika rolex uwiano ni moja kwa mbili, ilhali katika siki na soda ni moja kwa moja.

Dalili: uzito uliopotea ni mdogo kuliko gesi iliyotoka

Hii huwapata wanaotumia mizani na chupa iliyo wazi badala ya puto. Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo sehemu yake hubaki imelala ndani ya chupa na kuendelea kupimwa. Chupa ya nusu lita iliyojaa gesi hiyo badala ya hewa huzidi uzito kwa karibu robo gramu, na katika jaribio ambalo gramu 3 za soda hutoa gramu 1.6 tu za gesi, robo hiyo ni kubwa. Tumia bilauri pana, au ipepee kwa karatasi kabla ya kusoma mizani.

Dalili: mchoro umepinda na mpaka hauonekani

Wanafunzi huunganisha nukta tano kwa mkunjo mmoja laini, na mkunjo huo huifuta ile kona waliyoitafuta kipindi kizima. Waambie wachore ujazo, si mzingo, kisha wapitishe mistari miwili iliyonyooka: mmoja kutoka sifuri kupitia nukta tatu za kwanza, mwingine wa kulala kupitia mbili za mwisho. Pale inapokatana, washuke hadi kwenye mhimili wa soda na kusoma namba.

Mwaka mmoja darasa langu lilisoma gramu 3.4 na kikundi jirani 3.6. Tukapima gramu 3.5, tukaandaa chupa ya sita, na puto lake likasimama sawa na la nne na la tano. Wote walikusanyika mezani tulipogawa maji yake katika bilauri mbili. Tulidondosha siki katika ya kwanza, hakukuwa na povu. Tulinyunyiza soda katika ya pili, unga ukazama hadi chini na kutulia hapo, bila kutoa kiputo hata kimoja.